Mpiga fidla wa klasiki nataka kujifunza taarab, nianzie wapi na ntakula nini?

BintiMvita: Salaam aleikum. Mimi mzaliwa wa Mombasa ila naishi Nairobi, fidla nimeshika tangu nikiwa na miaka tisa, mitihani ya muziki ya Waingereza, ABRSM, nimefika gredi ya 8, ya juu, nacheza kwa okestra na siku zingine nazunguka mashuleni na manyumbani nikifundisha watoto. Sasa Disemba nilienda harusi nyumbani, nyanya akaniambia nimpigie nyimbo ya Juma Bhalo, yule muimbaji wa taarab wa Mombasa, naijua tangu utotoni, kuanza tu akacheka akasema "wapiga kama mtu asomaye barua ya serikali". Wallahi siku hiyo sikulala. Nataka nichukue mwaka niende Unguja nijifunze sawasawa nikirudi niwafundishe watoto wangu, sio Vivaldi kila siku. Nianzie wapi? Nitakula nini huo mwaka? Na mwanamke ataruhusiwa kukaa na wale wazee?

MzeeKodiani: Karibu mwanangu, bibi yako kasema kweli lakini usivunjike moyo. Vidole unavyo, ila sikio lako limelelewa na piano. Kuna makamu (sio yule wa Rais, ni ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) inaitwa Rast, ukianzia do basi mi yake inakaa baina ya mi na mi flati, kwenye piano huipati hata ulivunje, kwenye fidla ipo maana shingo yake haina vituo lakini kidole chako kitakimbilia palepale walimu walipokizoesha. Wamisri hata nyuzi wanafunga vyengine, sol re sol re, na taarab yetu ilipitia mlango huo huo, Sultan Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha kudonoa. Anza na chuo cha muziki cha DCMA hapo Mji Mkongwe, kilianzishwa 2002, lakini usiishie darasani, jioni omba ukae mazoezini na vikundi vya taarab, Ikhwani Safaa (hao wapo toka 1905) au Culture Musical Club. Kaa nyuma, mwezi wa kwanza usishike hata upinde, sikiliza tu fidla zinavyomsubiri muimbaji amalize ubeti ndio zijibu. Na makaratasi yako ya nota yaache begini.

Kariakoo_Boy: Dada mapenzi hayalipi kodi ya nyumba. Taarab za mjini sasa hivi toka miaka ya 90 ni kinanda na gitaa la umeme, kinanda kimoja kinatoa sauti ya fidla kumi na hakidai nauli, sasa we utamuuzia nani? Usiwaache wanafunzi wako, nenda miezi mitatu mitatu, wale wengine wafundishe kwa Zoom, nauli na chumba vitatoka humo.

ShogaWaNgambo: Kariakoo usimtishe mtoto wa watu. Shoga njoo, kundi la Tausi la Bi Mariam Hamdani ni wanawake na vyombo wanapiga wenyewe, kwa hiyo hilo la uanamke lisikutie hofu. Ila mie nakwambia usikae mjini tu, toka uende shamba ukatafute kidumbak, ndugu yake taarab wa kuchezeka. Hapo fidla ni moja, na sanduku (besi ya uzi), vidumbak (ngoma ndogo), mkwasa (vijiti vya kugonganisha) na cherewa (manyanga), hakuna wa kujificha nyuma yake, watu wanacheza mpaka jasho linawatoka na wewe hupumziki. Ukitoka hapo hiyo okestra yako utaiona kama kazi ya kukaa.

OdhisKisumu: Si mbaya lakini mbona mnavuka bahari wakati orutu, fidla ya Wajaluo, iko hapa, uzi mmoja tu na upinde, na mtu anakuimbisha kijiji kizima. Watoto wa Nairobi wafundishwe hiyo pia, tena wengine wao babu zao walikuwa wanapiga.

BintiMvita: Asanteni sana. Odhis umenigonga, nina wanafunzi wanne Wajaluo na sijawahi hata kuwauliza. Mzee nimefanya vile umesema, nimeitafuta ile mi wiki nzima mpaka jirani amegonga ukuta. Jana nikampigia nyanya simu nikampigia Rast, amesema afadhali, sasa nasoma meseji. Kariakoo hiyo ya miezi mitatu naona itawezekana, naangalia likizo ya Agosti. Shoga, hao wa kidumbak nikifika nawauliza wapi, ama nangojea nisikie harusi?

ShogaWaNgambo: Ukifika nambie, mwezi huo harusi hazikosi.