Magodoro yote Nakuru yameandikwa HD. HD yenyewe ni gani?

Mgongo_FreeArea

Wadau, hamjambo. Nisaidieni kabla sijatupa pesa mara ya pili.

Mwezi wa kumi mwaka jana nilinunua godoro la 5x6, inchi nane, limeandikwa HD, yaani high density, kwa herufi nyekundu juu ya nailoni. Duka sitalitaja. Jina la kampuni sikuwa nimewahi kulisikia, lakini kijana wa duka aliniapia kwamba watu wa hoteli wanachukua hilo hilo. Nikalipa 8,500, likafungwa nyuma ya bodaboda, nikafika Free Area nikijiona mjanja. Leo ni mwezi wa pili na tayari lina mashimo mawili, la mzee wangu upande wa ukuta na langu upande wa mlango, katikati kuna tuta. Kila mtu analala kwenye bonde lake, kana kwamba Bonde la Ufa halitutoshi. Nikilaza mti wa ufagio juu yake kutoka ukingo hadi ukingo, ngumi yangu inapita chini ya mti bila kugusa.

Nilirudi na risiti. Waranti ni ya miaka mitano. Yule kijana akaniuliza kama nilitoa nailoni. Nikamwambia ndiyo, nani analala juu ya nailoni? Akasema basi waranti imekufa. Mwenzake akadakia kwamba hilo si shimo, ni godoro limezoea mwili wangu.

Sasa mamangu anakuja kutoka Bungoma mwisho wa mwezi, atakaa nasi wiki tatu akienda kliniki. Ana shida ya mgongo na tutampa kitanda chetu. Jumamosi nikashuka town kutafuta lingine. Jamani, maduka ya magodoro yamezidi maduka ya unga! Kutoka stendi ya matatu hadi Kenyatta Avenue nilihesabu kumi na moja, mawili yakiwa yametazamana. Kote ni "karibu kastoma, kuangalia ni bure." Kote magodoro yamesimamishwa wima, yamevikwa nailoni, huruhusiwi kulala, unabonyeza na kidole tu. Saizi ile ile, inchi zile zile, HD ile ile, na bei inaanzia 7,000 hadi 19,000. Nikiuliza tofauti naambiwa, "Hii ni HD, lakini ile ni HD yenyewe."

Mtu anajuaje? Bajeti ni 13,000, nikijikaza sana 14,000.

Kondele_Mtaani

Pole dada, lakini hapo kwa ufagio umenimaliza. "Limezoea mwili wako"! Huyo kijana agombee ubunge.

FundiViti_Kibuye

Dada pole. Mimi ni fundi wa sofa hapa Kisumu, nanunua sponji kila wiki. Acha nikufungue macho kidogo.

Densiti si ugumu. Hapo ndipo watu wote wanapigwa. Densiti ni uzito, yaani kilo ngapi za sponji ziko ndani ya mita moja ya ujazo. Ugumu ni habari nyingine, unategemea walivyochanganya dawa kiwandani. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu kabisa siku ya kwanza. Wewe unabonyeza, unaona haiingii, unasema hii ni yenyewe. Kumbe ndani ni hewa nyingi na kuta nyembamba, na kuta nyembamba zikilaliwa kila usiku zinavunjika. Ndiyo shimo lako hilo. Kwa hiyo kidole dukani hakikuambii kitu.

Mizani ndiyo inasema. Godoro la 5x6 inchi nane lina ujazo wa karibu mita 0.57. Sponji ikiwa ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, godoro litakuwa kilo 14 na ushee, ongeza kava. Ikiwa ya kilo 16 utapata kilo 9 tu. Piga hesabu mwenyewe kwenye simu. Muulize muuzaji densiti ni namba gani. Akikujibu "ni HD," toka uende duka la pili.

Mgongo_FreeArea

Fundi, asante sana. Ila unanituma nikapime godoro kwa mizani town, mchana, watu wakiniangalia?

FundiViti_Kibuye

Nyama unapimiwa watu wakikuangalia. Sukari pia. Hii ni elfu kumi na tatu na unaona aibu?

Lanet_Kimya

Fundi yuko sawa ila hajamaliza. Nilifanya vibarua miaka miwili mahali panapopikwa sponji (sio Nakuru, msianze kukisia). Uzito pia unaibiwa. Kuna unga mweupe, ni kalisiamu kaboneti, ule ule wa mawe ya chokaa, unaotiwa kwenye mchanganyiko kabla haujaumuka. Sponji inatoka nzito, mizani inafurahi, lakini nguvu haijaongezeka. Kama kava lina zipu, fungua pembeni, finya sponji kwa vidole viwili uisugue. Ukibaki na unga mkononi, funga zipu yao polepole uage.

FundiViti_Kibuye

Hilo kweli, nilisahau. Na kuna ile ya vipande, yenye rangi rangi kama kachumbari. Ni mabaki ya sponji yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kukandamizwa. Hiyo ni nzito sana na si mbaya, magodoro mengi ya othopediki yana tabaka lake ndani. Ila usilinganishe kilo zake na kilo za sponji ya kawaida, utajidanganya. Na kama mama ana mgongo msimpe gumu kama meza ati kwa sababu limeandikwa othopediki. Nyanya yangu tulimnunulia kama hilo akalihama usiku wa tatu, akarudi kwa mkeka. Mgongo unataka kushikwa, lakini bega na nyonga nazo zinataka kuingia kidogo.

Auntie_wa_Kakamega

Mwanangu, unashangaa maduka kuwa mengi? Godoro ndicho kitu cha kwanza mtu anachonunua akitoka kwao. Kabla ya sufuria, kabla ya kitanda chenyewe. Kijana akipata chumba cha kupanga anaweka godoro sakafuni na maisha yanaanza. Halafu kuna Januari. Mwaka huu wakati watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 wanaripoti, nilimpeleka mjukuu kununua la 3x6 hapa town, tukakuta foleni mpaka nje, masanduku ya bati yamepangwa barabarani, na bei ya asubuhi si ile ya saa sita. Tena huku kwetu kuna matanga. Ukifiwa unapokea watu arobaini, wanalala wapi? Kila boma linataka magodoro manne matano ya kutandika sebuleni, na hayo hakuna anayeuliza densiti. Mradi yawe mengi na yabebeke.

Kwa hivyo la wageni nunua popote. La kulalia wewe na mama, usiharakishe.

Muuza_Ndoto

Nitatukanwa lakini nitasema. Mimi nauza magodoro, mji sitaji. Sisi vijana wa dukani hatujui densiti kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Tunajua bei ya juu, bei ya mwisho, na lipi lina komisheni. Nikikwambia "hili ndilo watu wa hoteli wanachukua," jua hilo lina mia tatu yangu. Nimelala kwenye godoro la rafu ya chini kabisa mwaka wa pili sasa, na kila siku nauza la 19,000.

Nailoni sasa. Duka linapenda ubaki nayo kwa sababu godoro likirudi safi linauzika tena. Kulalia nailoni ni jasho na kelele, kwara kwara usiku kucha, na unyevu unabaki ndani. Toa. Lakini kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike nyuma ya risiti kwamba kutoa nailoni hakuvunji waranti, apige muhuri. Akikataa kuandika amekujibu.

Kondele_Mtaani

Kwa hivyo wewe ndiye ulimuuzia dada godoro la kuzoea mwili.

Muuza_Ndoto

Sio mimi bana. Mimi ningemwambia ni kitanda chake.

Seremala_Pipeline

Mnacheka lakini hilo la kitanda si la kucheka. Dada, inua godoro utuambie mbao za chini ni ngapi na zimeachana kiasi gani.

Mgongo_FreeArea

Nimeinua. Ziko tano. Moja imepasuka katikati, mzee ameifunga kwa mpira wa tairi na hajawahi kuniambia. Kati ya mbao na mbao naingiza miguu yangu miwili na viatu.

Seremala_Pipeline

Basi hata ukinunua la 50,000 litaingia. Sponji inafuata kilicho chini yake. Ongeza mbao ziwe kama kumi, nafasi isizidi upana wa kiganja, na uweke nguzo ya katikati inayogusa sakafu. Kitanda cha tano kwa sita bila mguu wa katikati kinacheza. Kazi ya saa moja.

Karani_wa_Milimani

Kabla ya kununua jipya, usiliache lile la kwanza hivi hivi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Andika barua fupi, ambatisha picha ya ufagio na nakala ya risiti, mpe mwenye duka mwenyewe, usimpe kijana. Wengi wakiona barua wanabadilisha sauti. Na kwa jipya, tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye lebo. Chini yake kuna namba ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, tuma kwa 20023, utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Mtu mmoja huku alijibiwa ni kibali cha sabuni.

Kisumu_Joto

Mbona hamna anayetaja springi? Huku Kisumu usiku wa Februari ukilalia sponji nene unaamka umelowa. Nilihamia springi, hewa inapita, nalala. Lakini kwa 13,000 hupati springi ya maana, na ya bei rahisi itakuchoma ubavu, kwa hivyo nadhani nimejijibu mwenyewe. Nakuru kuna baridi, baki na sponji.

Mgongo_FreeArea

Wadau, nimerudi na ripoti.

Barua niliandika. Mwenye duka alinipigia simu mwenyewe, akasema hawezi kubadilisha godoro lililotumika ila nikinunua kwake atanipunguzia 2,000. Nikashukuru, nikakata simu.

Jumamosi nikaazima mizani ya ndoano kwa jirani anayeuza waru. Duka la kwanza: "Madam, hili ni godoro, sio mbuzi." La pili walinicheka mpaka wakaita wenzao. La tatu kulikuwa na mzee, mwenye duka mwenyewe, akaniangalia, akaangalia mizani, akasema, "Hata mimi sijawahi kujua. Lete tuone." Vijana wawili wakalifunga la kwanza kwa kamba, wakapitisha ndoano, wakainua. HD ya 9,800: kilo tisa na nusu. Wakainua la pili, HD pia, 13,800: kilo kumi na tano kasoro kidogo. La tatu lilikuwa la 16,500, lile analosifia kila anayeingia. Kilo kumi na mbili! Mzee akanyamaza. Akawaambia wapime tena. Kumi na mbili. Akatoa simu akaenda nyuma, na huyo aliyempigia simtamani.

Lile la kumi na tano nikafungua zipu, nikafinya, nikasugua. Vidole vikavu, hamna unga. Ujumbe wa KEBS ukajibu vizuri. Tukaelewana 13,200 na ameandika nyuma ya risiti mambo ya nailoni kwa mkono wake. Alipomaliza akaniuliza mizani kama hiyo inauzwa wapi.

Fundi wa kitanda alichukua 1,400 na mbao. Zimekuwa kumi na moja. Mpira wa tairi nimemrudishia mzee.

FundiViti_Kibuye

Kilo kumi na tano kasoro, toa kava, hapo uko kwenye 24 au 25. Umenunua godoro sasa. Lizungushe kichwa-miguu kila mwezi kwa miezi ya kwanza.

Auntie_wa_Kakamega

Na mama analionaje?

Mgongo_FreeArea

Alifika Jumanne. Akakaa pembeni, akabonyeza kwa kiwiko, akalala chali na kitambaa kichwani kama mtu anayejaribu kiatu. Akanyamaza muda. Halafu akauliza, "Na lile lingine mmeliweka wapi?"

Nikamwambia limeharibika, nataka kumpa mtu wa taka. Akakasirika kweli kweli. Anaondoka nalo kliniki ikiisha, litapanda keria ya matatu hadi Bungoma, ameshaanza kutafuta kamba. Anasema wageni hawajui mashimo.

Auntie_wa_Kakamega

Huyo mama tungeelewana. Mwambie alivike nailoni, huku mvua ya Machi haina huruma.

Mgongo_FreeArea

Nailoni nilishatoa, auntie. Si ndiyo iliua waranti.