Koperative ya kufufua udongo Kabare: tuanze na nini?

Mulimi_Kabare
Jambo wakubwa. Tuko wanachama 22, mashamba yetu ya mlimani hapa Kabare, Kivu Kusini, udongo mwekundu, mvua ikinyesha unateremka wote bondeni. Tunataka koperative ya kuuza maharagwe Bukavu, faida irudi kwenye udongo. Karibu nusu yetu wanalima bwasa, yaani shamba la kukodi kwa muda mfupi. Tuanze na miti, mitaro au mbolea? Na pesa tuigawe vipi?

Fundi_wa_Milima
Ndugu, anzeni na mkataba wa shamba. Mwenye kalinzi, yaani haki ya kudumu ya shamba kwa mila, anaweza kupanda miti. Wa bwasa haruhusiwi kupanda mmea wa kudumu, na akiweka mti kama kaliandra, mwenye shamba ataona ananyang'anywa. Hao wapeni kazi ya msimu mmoja: titonia, ile ya maua ya manjano kando ya njia. Kateni kabla haijachanua, mkatekate, mfukie mbichi wiki moja kabla ya kupanda, kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Hiyo ni tani 25 kwa hektari, kwa hiyo chagueni vipande vidogo, na muipande mipakani: ukivuna tu ya njiani, siku moja inaisha.

Kwa wenye kalinzi, pimeni mistari ya usawa ya kuweka matuta, inayokata mteremko kwa kimo kimoja, kwa fremu ya A: miti 2 ya mita 2, mmoja wa kuifunga katikati, uzi na jiwe. Weka alama uzi unapopita kwenye mti wa katikati, badilisha miguu nafasi, weka alama tena. Usawa ni katikati ya alama hizo mbili. Wengi wanaruka hatua hii, kisha mstari unainama, maji yanakusanyika sehemu moja na kubomoa tuta. Kaliandra ikae sentimita 50 kwa 50 juu ya mstari. Vijiti vyake vitasimamisha maharagwe ya kupanda juu.

Mama_Walungu
Naongeza jambo zito: pale ardhi inapopasuka baada ya mvua au miti inapoinama, msichimbe mitaro ya kuzuia maji. Maji yakizama humo, mlima wote unaweza kuteleza. Pandeni majani tu.

Mhesabu_BKV
Sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, Kongo imo): koperative rahisi inahitaji watu 5, ile yenye baraza la utawala 15. Chukueni rahisi. Angalau asilimia 20 ya ziada, yaani faida ya mwaka, iende akiba ya jumla, 20 nyingine akiba ya mafunzo, mpaka kila akiba ifikie mtaji. Ziada ikiwa dola 1,000, zinabaki 600. Zigawanywe kwa kilo ambazo kila mmoja ameleta.

Ila kinachoua koperative nyingi ni kukosa pesa taslimu siku ya mavuno. Mwanachama mwenye deni la shule atamuuzia mchuuzi, hata kwa bei ya chini. Tafuteni fedha ya kununulia kabla ya mavuno ya Januari. Na msipokee maharagwe ambayo hayajakauka: tieni konzi moja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikiseni, subirini dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, yarudi juani.