Mume anayepiga: afungwe, au afunzwe?

Mwanzisha mada, Chamwino

Wakuu, mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata. Wiki iliyopita kaka mmoja alipendekeza kikaoni tuanzishe mafunzo kwa wanaume wanaopiga wake zao, wafundishwe kuacha. Mama mmoja akasimama: "Aliyenivunja mkono ndiye mnataka kumpa chai na posho?" Kikao kikaishia hapo. Mimi tangu siku ile sijatulia.

Ninachokiona ni hiki. Mwanamke anakuja jicho limevimba. Tunampeleka Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, anapewa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, anatibiwa, jalada linafunguliwa. Baada ya wiki mbili anarudi na mama mkwe, anataka kesi ifutwe. Hajasahau maumivu. Ni Novemba, shamba la uwele halijasafishwa, na wa kulima naye yuko mahabusu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja; usipopanda, mwaka umekwenda. Basi mume anarudi nyumbani hajafungwa wala hajabadilika, na sasa anajua kesi hufa.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipotimiza 15.

Kwa hiyo mimi naunga mkono mafunzo, ila yawe kwa amri ya mahakama. Mji wa Duluth, Marekani, ulianza hivyo mwaka 1981: polisi, mahakama na watetezi wa wanawake walifanya kazi pamoja, na mwanaume anayekacha vipindi anarudishwa kwa hakimu. La pili, na hapa sitarudi nyuma: wa kuulizwa kama mume amebadilika ni mke, faraghani. Uingereza, utafiti uitwao Mirabal kuhusu mafunzo ya wanaume wanaopiga, uliotoka 2015, uliwauliza wanawake wenyewe. Waliosema wanapigwa makofi, kusukumwa au kutupiwa vitu walikuwa asilimia 87 kabla ya mafunzo. Mwaka mmoja baada ya kuanza, 7. Kubanwa na kufuatiliwa hakukupungua kiasi hicho. Hilo mume hawezi kukwambia.

Mzee wa Kongwa

Binti yangu, sisi tulimwita mtu mbele ya ukoo, akatozwa mbuzi, akaona aibu, akarudi kwake. Leo mnampeleka kwa mwalimu asiyemjua hata babu yake. Na msisahau, wengi wao ni pombe tu.

Mwanzisha mada

Shikamoo baba. Aibu mbele ya ukoo ina nguvu, sikatai, na wazee wakikubali kukaa kwenye mafunzo hayo nitashukuru. Lakini yule mbuzi aliliwa na nani? Nimehudhuria vikao hivyo. Aliyepigwa ndiye aliyepika. Na kuhusu pombe, akitoka kilabuni amelewa anampita mwenyekiti wa kijiji na kumwamkia vizuri. Anaanza kupiga akifika kwake.

Dada wa Nkuhungu

Mnazungumzia makofi. Mbakaji je? Sheria inampa miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 kifungo cha maisha. Uingereza walikuwa na mafunzo gerezani kwa wafungwa wa makosa ya ngono, miaka mingi. Ripoti ya serikali yao ya 2017 ikaonyesha waliofunzwa walirudia makosa ya ngono kwa asilimia 10, wasiofunzwa asilimia 8. Wakayafuta. Sitaki wanangu wafanyiwe majaribio.

Mwanzisha mada

Dada, hapo umenirudisha nyuma na nakubali. Nilichanganya mambo mawili. Mbakaji atumikie kifungo. Mafunzo yasipunguze hata siku moja. Na takwimu hizo zinanitisha hata kwa wale wa makofi: nia njema peke yake inaweza kuongeza madhara. Ndiyo maana nang'ang'ania mke aulizwe kila mwezi, na akisema hali imezidi, faili lirudi mahakamani siku hiyohiyo.

Bodaboda wa Ihumwa

Mimi nimempiga mke wangu mara mbili. Baba alimpiga mama, nikaapa sitafanya, nikafanya. Hakuna aliyenishtaki. Yakianzishwa nitakwenda, mradi jina langu lisisomwe kwenye mkutano wa hadhara. Yataanza lini?

Mwanzisha mada

Kaka, asante kwa kusema. Tarehe sina, fedha bado. Jina lako halitasomwa popote. Ila kabla sijakuandika kwenye orodha nataka kumsikia mkeo: kama jioni ukirudi anaogopa, na kama anataka wewe uje huku au anataka twende Dawati. Mwambie nipo ofisi ya kata kila Jumatano asubuhi. Aje peke yake.