Kodi ya stoo haijui Kwaresima wala Ramadhani: tunaokodisha viti na mahema tunaishije miezi hii?

Mama Viti, Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa nne nikikodisha vifaa vya shughuli hapa Kihonda. Nina viti vya plastiki 400, meza za duara 30, mahema sita na jenereta moja. Kuanzia Juni hadi Desemba sina la kulalamika, kwa kuwa sendofu, harusi, kipaimara na mahafali hufuatana kiasi kwamba zipo Jumamosi ambazo hulazimika kuazima viti kwa wenzangu. Tatizo langu ni Februari hadi Mei. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo, kwa hiyo harusi za Wakristo na za Waislamu zimesimama kwa pamoja, na sasa mvua za masika zinabisha hodi. Tangu wiki ile viti vyangu vimetoka mara tatu tu, na mara zote ilikuwa ni msiba.

Kodi ya stoo ni shilingi 200,000 kwa mwezi na marejesho ya mkopo ni 350,000. Ninafikiria ama kushusha bei ya kiti kutoka shilingi 500 hadi 300, ama kuuza mahema mawili. Jirani yangu ananishauri nichukue mkopo wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, unisukume hadi Pasaka. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii.

Mzee wa Stoo, Tanga

Dada yangu, kabla hujashusha bei, chukua kalamu. Mteja wa viti 200 kwa shilingi 500 anakupa 100,000. Kama kirikuu, kile kigari cha mizigo, ya kwenda na kurudi ni 40,000 na vibarua wawili wanachukua 20,000, umebaki na 40,000. Kwa shilingi 300 unapokea 60,000, na yote inaishia kwa dereva na vibarua, huku viti vyako vikirudi na matope na pengine viwili vimevunjika miguu. Zaidi ya hapo, mteja aliyelipa 300 mwezi Machi ndiye atakayekuuliza mwezi Juni kwa nini umempandishia. Ukitaka kumpunguzia mtu, mpunguzie usafiri akija na gari lake mwenyewe, lakini bei ya kiti iache palepale.

Jambo la pili ni kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka 2027 itakutana tena na Kwaresima mwanzoni mwa Februari. Mwaka 2028 zitaachana: Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari, na Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 1 Machi. Kwa miji yenye mchanganyiko kama wako na wangu, hiyo ina maana kwamba ukame wa kazi utagawanyika na kuwa mrefu zaidi. Huku pwani mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi, baada yake, ndiyo hutubeba, nami humalizia kodi ya miezi mitatu kwa fedha za Shaabani kabla sijanunua hata kijiko.

Mpambaji, Dodoma

Mama Viti, mimi ninaona unauita msimu mbaya kwa sababu unatazama viti vinavyotoka tu. Harusi za baada ya Pasaka na za Juni zinapangwa sasa hivi. Vikao vya kamati vinakaa Jumapili jioni, michango inakusanywa, na mhasibu ana fedha mkononi ambazo bado hajajua atazigawaje. Mimi huomba dakika tano katika kikao, nikaenda na kiti kimoja kilichovalishwa kitambaa na kufungwa utepe wa rangi waliyoichagua, kwa maana watu wa kamati wakikigusa hawaulizi tena maswali mengi. Anayelipa nusu kabla ya Pasaka ninamshikia tarehe na simwongezei bei hata kama Juni mahitaji yatapanda.

Lakini fedha hizo za awali si faida. Mwaka mmoja nilizitumia kulipa kodi na ada ya shule, na ilipofika siku ya shughuli ikanibidi nikope mafuta ya jenereta. Tangu hapo naziweka kwenye laini nyingine ya simu, na ninachotumia kabla ya shughuli hakizidi robo yake.

Wengine watakuambia ukimbilie semina za ofisi za serikali. Kazi zipo, ila manunuzi yao hupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, inabidi ujisajili, na malipo huweza kuchelewa. Usiyahesabu katika kodi ya Aprili. Na kausha damu usiiguse kabisa. Kama mpo akina mama wenzako, undeni kikundi mkaulizie halmashauri mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake. Haitakuokoa mwezi huu, kwa sababu taratibu zake ni ndefu.

Fundi Turubai, Mbagala

Nizungumzie mahema. Kuuza Machi ni kumuuzia mtu anayejua kuwa una shida. Kama mawili yamechoka, yauze mwishoni mwa Mei, wakati kila mmoja wetu anajiandaa kwa msimu.

Kwa sasa, fungua kila turubai ulilolikunja. Mimi niliwahi kukunja moja likiwa bichi baada ya msiba wa mvua, nikalikumbuka wiki sita baadaye. Lilikuwa na madoa meusi ya ukungu kwenye mikunjo yote, na harufu yake haikutoka hata kwa sabuni na jua la siku tatu. Likageuka kuwa turubai la jikoni, la kufunikia wapishi. La kwako likaushe pande zote mbili, kisha liweke juu ya chaga, lisiguse sakafu. Vyuma vipige msasa na rangi ya kuzuia kutu. Vitambaa viweke kwenye mapipa yenye mifuniko, maana panya wa masika hawana huruma. Jenereta iwashe kila wiki kwa dakika 15.

Mama Viti, Morogoro

Ninawashukuru sana. Mzee, hesabu ya kirikuu imeniumiza kichwa, kwani nimegundua kuwa msiba mmoja kati ya ile mitatu nilikwenda bure. Leo asubuhi tumefungua mahema yote sita, na moja limekutwa na ukungu upande mmoja. Jumapili nitakwenda kwenye kikao cha kamati moja hapa mtaani. Swali langu la mwisho kwa Mpambaji: harusi ikiahirishwa, ile nusu unairudisha yote?

Mpambaji, Dodoma

Ikiahirishwa, ninahamishia fedha tarehe mpya bila gharama, mradi nimearifiwa wiki mbili kabla. Ikivunjika kabisa, ninarudisha nusu ya kile nilichopokea. Yaandike yote kwenye risiti, na mhasibu asaini mbele ya katibu.