Naombeni ushauri: fleti imekarabatiwa, hewa haizunguki na fangasi wanarudi

Habari zenu wakuu. Naishi Upanga, Dar es Salaam, jengo la zamani lililokarabatiwa mwaka jana. Mwanzo tulikuwa na madirisha ya luva na juu yake matundu ya hewa, sasa yamewekwa ya aluminiamu ya kuslaidi, matundu yakazibwa kwa plasta na dari likapigwa jipsamu, kumependeza kweli ila ndani kuzito. Tangu masika chumba cha watoto kinanuka unyevu, ukuta nyuma ya kabati umejaa fangasi weusi, juzi nimetoa mkanda wa ngozi una ukungu mweupe kama unga, na mdogo anakohoa kila usiku, roho inaniuma jamani. Nimesugua nikapaka rangi ya kuzuia fangasi, wiki 3 wamerudi. Eisii (kiyoyozi) ipo lakini hii ya ukutani inazungusha hewa ile ile ya ndani, haiingizi mpya. Bafuni hakuna feni ya kutoa hewa, mvuke wote unakuja chumbani.

Sasa nikimwomba mwenye nyumba atoboe matundu upya tuweke na wavu wa mbu, yatatosha au lazima na feni ya bafuni? Na kama ni feni, mlango wa bafu uachiwe uwazi kiasi gani chini ili ivute vizuri?