Waliotoka Pwani wakati wa mlipuko wa dengue: watoe damu au wangoje?

MratibuUpperHill: Hamjambo wadau. Jumamosi tuna siku ya kuchangia damu hapa kazini, na wenzetu kadhaa wamerudi Mombasa wiki iliyopita. Hawana homa. Niwatoe kwenye orodha, ama niwaache kwa sababu damu itapimwa hata hivyo?

Maabara_KE: Waondoe kwenye orodha ya Jumamosi, lakini waandikie tarehe nyingine papo hapo, la sivyo hawatarudi. Damu hapa Kenya hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Dengue na chikungunya, homa za virusi vinavyoenezwa na mbu, hazimo, kwa hiyo kipimo hakitamkinga mgonjwa atakayeongezewa damu hiyo.

Shida kubwa ni siku za mwanzo. Homa ya dengue huanza siku 4 hadi 10 baada ya mtu kuumwa na mbu, na virusi huwa vimeingia kwenye damu siku moja au mbili kabla ya homa yenyewe. Tena takriban watatu kati ya wanne hawaugui kabisa. Mtu anakuja na presha nzuri, hemoglobini (kiwango cha damu) juu ya 12.5, anatoa mililita 450, na virusi vimo ndani. Baridi ya friji haiviui. Maambukizi ya dengue kwa njia ya damu yameshathibitishwa Hong Kong na Singapore.

Uingereza husubirisha wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye virusi hivi, na miezi 6 baada ya kupona kwa aliyeugua. Mimi ningeanza na hesabu hiyo, kisha uwaulize mapema wahudumu wa benki ya damu watakaokuja. Uamuzi ni wao.

Muuguzi_Eastlands: Naongeza kuhusu swali la fomu. Usiulize "umesafiri nje ya nchi?" Aliyetoka Likoni atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Uliza: "Wiki 4 zilizopita umelala wapi?" Uliza pembeni, kabla hajadungwa kidole, maana mbele ya wenzake ataona aibu kukataliwa.

Waliotoka Busia au Kisumu ni habari ya malaria. Kipimo cha haraka kisiwaamulie: kinaweza kukosa vimelea vichache, na aliyetibiwa kinaweza kumwonyesha bado anao kwa wiki kadhaa. Andika tarehe aliyomaliza dawa, daktari aamue.

MratibuUpperHill: Asanteni sana. Na atakayeshikwa na homa baada ya kutoa?

Maabara_KE: Apige simu siku hiyohiyo, asingoje majibu ya hospitali. Kila mchangiaji aondoke na karatasi yenye namba ya mfuko wake na simu ya benki ya damu, na umwambie kwa mdomo: homa, maumivu ya viungo au vipele ndani ya siku 14, piga. Akitaja namba, mifuko yote iliyotengwa kutoka damu yake inazuiwa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku 5 tu, kwa hiyo ndizo hutumika kwanza. Chembe nyekundu hukaa hadi siku 35 na plazma, yaani majimaji ya damu, hugandishwa kwa baridi, hizo bado unaweza kuziwahi.

Huyo mwenye homa anywe parasetamoli na maji mengi. Asiguse aspirini wala ibuprofeni mpaka dengue iondolewe shaka, kwa sababu huongeza hatari ya kuvuja damu.

Muuguzi_Eastlands: Nafasi zao jaza na ambao hawajatoka Nairobi mwezi huu. Angalia tu mara ya mwisho walitoa lini: wanaume miezi 3, wanawake 4.