Mrejesho: hisa za mama zilizouzwa bila idhini

Ahsanteni mlionijibu nilipouliza kuhusu dalali wetu hapa Mombasa aliyeuza hisa za mama bila idhini yake.

Tuliomba taarifa ya akaunti moja kwa moja CDSC, shirika linalotunza akaunti za hisa, si kwa dalali. Mauzo yamo. Fomu ya kuuzia, aliyotuonyesha dalali mwenyewe, ina saini safi iliyonyooka, ilhali mama tangu apooze mkono hutia dole gumba! Iliniuma sana.

Malalamiko tumeyapeleka kwa maandishi Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, pamoja na nakala. Mfuko wa fidia ya wawekezaji hatuutegemei: wateja wa Nyaga Stockbrokers, kampuni ya udalali wa hisa iliyoanguka 2008, walifidiwa kwa kikomo cha Sh50,000. Tunadai hisa zenyewe zirudi.

Dalali sasa anapiga simu akitaka tuyamalize kinyumbani. Mama amemwambia aandike barua.